Jovita Kyaruzi, Mama Mtandao wa Kambi ya Mwaloni

Na Joackim Lwakatare, Mapokezi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Jovita Kyaruzi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kambi ya Wasafiri Mwaloni, hapa Bukoba. Wageni humwita Mama Mtandao. Sisi wenzake tunamwita Ma Jovita, na sauti yake hutoka jikoni ikafika ufukweni bila msaada wa mnara wowote.

Aliajiriwa kufua mashuka. Siku hizo msafiri aliyefika na gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani aliulizia maji, kuni na mlinzi, basi. Miaka ikageuka. Wageni wakaanza kuulizia intaneti hata kabla ya kuvuta breki ya mkono. Ma Jovita, ambaye wakati huo alikuwa amehamia mapokezi, hakukubali kuwajibu kwamba hajui. Akajiandikisha darasa la jioni la kompyuta mjini, akarudi na cheti na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo.

Majaribio yake ya mwanzo tunayakumbuka, hasa mpishi wetu Dastan. Mchana mmoja sufuria kubwa ya kupikia ndizi ilipotea. Ilipatikana juu ya paa la gari la wageni, imefungwa kwa kamba, modemu ikiwa katikati yake, imeelekezwa kwenye mnara. Dastan alisimama chini akilia njaa ya watu ishirini. Ma Jovita akamjibu kutoka juu ya ngazi, "Subiri kidogo waitu, ndugu yangu, intaneti inapanda!" Na kweli ilipanda. Chakula cha mchana kililiwa saa kumi.

Hakupatia kila mara. Aliwahi kumhakikishia mgeni mmoja kwamba kisiwani Bumbire angefanya kazi zake zote kwa kompyuta bila shida. Mgeni akarudi na sangara mkubwa na malalamiko makubwa zaidi. Tangu siku hiyo Ma Jovita hakuudhamini mtandao wa mahali popote kabla hajafika yeye mwenyewe na simu yake. Likizo zake alizitumia kuzunguka Muleba kilima kwa kilima, akipiga simu na kukata.

Ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito kila alipowaaga wageni getini. Nunueni laini mbili za kampuni tofauti, aliwaambia, mzisajili mkiwa bado mjini, kwa sababu mteremko unaoiua moja huenda ukaifufua nyingine. Ramani pakueni hapahapa. Kompyuta ichajini gari likiwa linatembea, msije mkaamka betri haina nguvu ya kuwasha injini. Benki msiifungue kwenye mtandao wa bure wa hotelini, tumieni laini yenu. Picha ziwekeni mahali pawili, na pasiwe ndani ya begi moja! Hilo la mwisho alilisema huku akikimbia kando ya gari, maana kwa kawaida lilikuwa limeshaanza kuondoka.

Lakini ukituuliza sisi siku yake kubwa, tutakupeleka Kamachumu.

Mwaka juzi alifika Mzee Yashwant na mjukuu wake Krupa, wakiendesha gari lao la kulala kutoka Arusha. Mzee alizaliwa Kamachumu, baba yake akiwa na duka huko, na familia ikahama yeye akiwa kijana. Dada yake, Jyoti, anaishi Uingereza. Macho ya dada huyo yalikuwa yakififia, na siku ya pili yake alikuwa anaingia kwenye upasuaji ambao madaktari hawakutaka kuutolea ahadi. Alikuwa ameomba kitu kimoja: aione kwa simu nyumba walimozaliwa wakati bado anaona. Krupa, anayefanya kazi zake za uchoraji wa majengo kwa kompyuta ndani ya gari hilohilo, alikuwa na wasiwasi wa mtandao. Ma Jovita hakusubiri kuombwa. Alipanda gari.

Walipita Muhutwe, wakapanda mlima. Nyumba ilikuwapo bado, na baraza lake refu, katikati ya migomba na mibuni. Mwenyeji, Bwana Gozbert, aliwaona wakishusha simu na vijiti vya kushikilia kamera, akafunga lango.

"Kama mmekuja kupima, pimeni barabara. Nyumba hii baba yangu aliinunua kwa haki."

Ma Jovita akasogea hadi langoni, akasalimia kwa Kihaya, akauliza habari za mibuni na za wagonjwa, ndipo akaingia kwenye neno lenyewe. "Hawadai hata jani la mgomba, baba. Kuna mama mmoja kesho anapasuliwa macho. Anataka kuliona baraza hilo tu."

Gozbert alifikiri. "Basi alionee hapo nje."

Simu ikapigwa. Uso wa Bibi Jyoti ukatokea, ukagawanyika vipandevipande, ukaganda. Wakapiga tena. Ukaganda tena. Huko Uingereza, hospitalini alikokuwa amelazwa, nesi alikuwa ameshasema muda wa mazungumzo unakwisha.

Ma Jovita aliingia ndani ya gari kama mtu anayetafuta nyoka. Kompyuta ya Krupa ilikuwa inajisasisha kimyakimya. Simu ya Mzee ilikuwa inapandisha picha za safari nzima kuzihifadhi mtandaoni. Vyote vilikuwa vinakunywa kwenye bando lilelile. Akazima kimoja baada ya kingine, akapunguza ubora wa video, kisha akatoka na antena ya gari ya kunasia mtandao mkononi, akipiga kelele, "Nipeni mti mrefu! Baba Gozbert, mti wa kuegemezea mgomba!"

Gozbert alicheka, waliokuwapo wanasema hakuwa amekusudia. Akafungua lango, akauchomoa mti mmoja wenye panda, wakaifunga antena juu yake, akausimamisha yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

Picha ikatulia. Bibi Jyoti akaliona baraza. Hakulia. Alianza kuzungumza Kihaya, haraka, Kihaya cha watoto wa miaka ya zamani, akiuliza kama bado kuna mfenesi nyuma ya jiko.

Hapo ndipo mama yake Gozbert, Bibi Kokugonza, alipotoka ndani akijikongoja. "Nani huyo anauliza mfenesi wetu?" Akaisogelea simu mpaka pua ikagusa kioo. "Mawe, mama yangu! Jyoti! Wewe si ndiye uliyeanguka ukaniacha juu ya mfenesi tulipokuwa watoto?"

Krupa anasema hakupata tena nafasi ya kushika simu. Bibi hao wawili walizungumza mpaka nesi mwenyewe akavuta kiti akasikiliza. Gozbert alishikilia mti muda wote huo, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Jioni walikula ndizi barazani, wote, na Mzee Yashwant akatafuna buni, desturi ya Wahaya, kama mwenyeji. Upasuaji uliokoa jicho moja. Linatosha, Bibi Jyoti alimwambia Kokugonza, maana wewe nakuona kwa simu, na simu ni ndogo.

Ma Jovita sasa anaturudishia funguo za mapokezi, na tulidhani anakwenda kupumzika nyumbani kwake Buhembe. La hasha! Mumewe, Mzee Philbert, fundi seremala, ametengeneza kitanda cha kukunja ndani ya Noah yao kuukuu. Jumatatu wanaondoka, kwanza Kigoma, kisha, kwa maneno yake, "tutaona." Mwanamke aliyewaelekeza wasafiri miaka yote hii hajawahi kulala nje ya mkoa wa Kagera hata mara moja. Juzi tulimkuta ufukweni akijaribu kupika chai ndani ya gari milango ikiwa wazi, akicheka peke yake.

Asante, Ma Jovita, kwa kazi, kwa kelele na kwa moyo. Tunakutakia afya, barabara nzuri na maisha mema wewe na Mzee Philbert. Ukifika Kigoma, piga picha ya ziwa lao ututumie. Tutasimama wote mapokezi kuisubiri.