Spika za Clifford Hazigawanyiki

Izimeni hiyo televisheni, wanangu, mkae. Janine, wewe huku dirishani. Russell, wewe kule karibu na mlango wa jikoni, na kama hamtaki kutazamana msitazamane, ila masikio nipeni. Nesi amesema atarudi baada ya chai kunichoma sindano, nami nikishachomwa husema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kwa hiyo ninayotaka kuyasema nayasema sasa, akili zangu zikiwa bado nyumbani.

Nyumba hii iuzwe, mgawane sawa. Wakili ana karatasi zote na msimbishie, maana yeye kubishiwa ndiyo riziki yake. Vyombo vya udongo vya bibi yenu achukue Janine. Zana za bustani achukue Russell, ingawa bustani yake ni aibu ya mtaa. Pete yangu msinizike nayo. Dhahabu chini ya udongo wa Darwen haimfai mtu. Kanisani nataka kinanda na nyimbo za kitabuni, na mtu yeyote asithubutu kunipigia santuri za bendi ya Hollingate mbele ya jeneza. Hao nimewasikia maisha yangu yote, nataka angalau siku hiyo nipumzike.

Hayo yalikuwa mepesi, kwa sababu nyumba hugawanyika na vyombo hugawanyika. Kilichonifanya niwaite wote wawili siku moja, nikijua kwamba tangu mwaka juzi hamjasalimiana, ni spika za baba yenu. Usinitolee macho, Janine. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa jungu hili ndio huo, na nitaukwangua mwenyewe kabla sijaondoka.

Mimi sikuwa shabiki, mnalijua hilo. Nilikuwa mke wa shabiki, na hiyo ni kazi nyingine kabisa: ni kushona vitambaa vya nembo kwenye makoti ya jinzi, ni kukata mikate ya watu wa gari zima, ni kungoja uwanjani kwenye tope mpaka magotini huku wanaume wazima wakiangalia jukwaa kama ng'ombe wanaoangalia mvua. Baba yenu aliponichumbia hakunipeleka kula wala kucheza dansi. Alinipeleka kuwasikiliza Hollingate, katika ukumbi uliokuwa baridi kuliko nje, akanishika bega akanisogeza upande wa kushoto wa jukwaa, akasema, "Simama hapa, Beryl. Ukisimama kule utamsikia mtu mwingine." Nikajisemea, huyu mwanamume ana wazimu, lakini anaonekana msafi.

Kisha wale vijana wakaanza kupiga, nami nikaona alichokuwa akikisema. Katika bendi nyingine gitaa moja huimba na la pili hubeba kuni. Hawa walikuwa na magitaa mawili na hakuna mkubwa wala mdogo; moja la kushoto, moja la kulia, yakipanda pamoja, hili juu kidogo, lile chini kidogo, kama watu wawili wanaopanda kilima wakibishana kwa furaha na hakuna anayetaka kumwacha mwenzake nyuma. Nilimtazama Clifford pembeni. Mtu ambaye kiwandani alikuwa hasemi zaidi ya "naam" na "bado" alikuwa amelowa machozi mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

Nikaja kuelewa baadaye. Wale wanaume wa kiwanda cha karatasi za ukutani hawakufundishwa na mtu yeyote kumwambia rafiki kwamba wanampenda. Walifundishwa kutaniana. Baba yenu alikuwa mtu wa kushoto, wa gitaa la kushoto, na Norris, aliyesimama naye mashine moja miaka yote, alikuwa mtu wa kulia, na kila asubuhi walipokutana langoni Clifford alimwambia kwamba watu wa kulia wana nta masikioni, naye Norris alimjibu kwamba afadhali nta kuliko upepo mtupu unaopita upande hadi upande. Siku ya harusi yetu wageni walikataa kukaa jamaa za bwana huku na jamaa za bibi kule. Walikaa watu wa kushoto kushoto na watu wa kulia kulia, shangazi yangu akajikuta katikati ya wanaume wenye nywele mpaka mabegani, na mchungaji akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika na jambo ninalolifanya.

Zile spika baba yenu alizitengeneza ninyi hamjazaliwa. Kanisa la juu kule lilikuwa limefungwa na mabenchi yake yakitupwa, basi yeye na Norris wakayabeba mgongoni kuteremka nayo, wakapasua mbao, wakajenga makabati mawili makubwa kama ya nguo, na nikakaa msimu mzima wa baridi nikipika katikati ya vumbi la mbao. Kila Oktoba spika hizo zilipelekwa klabu ya wafanyakazi, santuri ya kwanza ya Hollingate ikapigwa toka mwanzo hadi mwisho, watu wa kushoto wamesimama kwao na watu wa kulia kwao, na ulipofika ule wimbo mrefu wa mwisho wote walitembea taratibu hadi katikati ya ukumbi, kwa sababu ni pale tu ambapo magitaa yote mawili humfikia mtu sawasawa. Hakuna aliyetangaza. Walitembea tu. Nimewaona wakitembea hivyo wakiwa na nywele, nimewaona wakiwa na vipara, na mara ya mwisho nimewaona wakitembea kwa mikongojo, mmoja akirekebisha kifaa cha sikioni ili asikose.

Na ninyi mlikulia humo. Janine, ulilala mchana umeegemea spika ya kushoto, uso wako ukiwa na alama ya kitambaa chake. Russell, wewe ukiegemea ya kulia, mkitupiana soksi. Ndiyo maana baba yenu alipokuwa kwenye kitanda hiki hiki alisema kila mtoto apewe spika aliyokulia. Aliona amefanya haki. Nilimwambia, "Clifford, hiyo ni sawa na kumpa mmoja mkasi upande na mwingine upande," akasema wataelewana, ni wanangu. Alikuwa mtu mwema na alikosea. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na spika moja haipigi Hollingate. Mmoja wenu kule Preston akawa na nusu ya wimbo, mwingine hapa Darwen akawa na nusu nyingine, na kila mmoja akampigia simu mama yake kulalamika kwamba santuri imeharibika.

Hata hapo mngeweza kucheka. Lakini ya Russell ikanyamaza, akaifungua, akatoa ile karatasi ya ndani inayotetemeka, akaweka mpya. Akafurahi, akamwambia dada yake, na wewe Janine ukamjibu neno ambalo sijalisahau, kwamba amemng'oa Baba koo. Ukasema yako bado ina sauti ya Baba na hutaiweka ukumbi mmoja na ile. Oktoba iliyofuata klabu ikaazima spika za mtu mwingine, vitu vya plastiki, na Norris akanipigia simu jioni, mtu wa miaka themanini. Alipumua tu kwenye simu mpaka nikamwambia haya, Norris, kalale.

Sasa nisikilize, Janine, na usijibu kwanza. Karatasi iliyo ndani ya spika yako si ile ya mwanzo. Ya mwanzo ilipasuka wewe ukiwa mchanga, siku Norris alipoongeza sauti ili watu wa kulia washinde, baba yenu akaiziba kwa gundi na kipande cha soksi yangu ndefu ya harusini. Ilipokufa hiyo akaweka nyingine aliyoitoa kwenye redio ya shule iliyotupwa. Baada ya hiyo ipo nyingine, na huenda nyingine tena, sikuwa nikihesabu, nilikuwa na nguo za kufua. Hiyo unayoiita koo la Baba imebadilishwa mpaka hakuna kilichobaki ila mbao za kanisa. Alichokifanya ndugu yako ndicho baba yako alichokifanya maisha yake yote. Kitu kikinyamaza, alikifungua akakitengeneza. Hakukifunika blanketi akakilinda.

Lia tu, lia, hakuna neno. Leso ziko chini ya mto.

Na wewe Russell, ondoa hicho kitabasamu. Ulikuwa na haki ya kutengeneza, hukuwa na haki ya kumcheka dada yako mbele ya watu wa klabu. Mwenye haki akiivaa kama kofia, watu huona kofia tu.

Mnakumbuka wale wapiga magitaa wawili wa Hollingate walivyoachana. Sijui waligombania nini, wala nadhani wao wenyewe mwishoni hawakujua. Kila mmoja akachukua nusu ya jina, akazunguka nchi na mtu wa kukodi amesimama mahali pa mwenzake. Clifford na Norris walikwenda kwa wote wawili, wakanunua tiketi kwa wote wawili, kwa sababu mapenzi ya watu wale hayakuwa ya kuchagua. Walirudi kwenye gari bila kutaniana. Niliuliza ilikuwaje, Norris akasema, "Amepiga noti zote, Beryl, lakini kule upande wa pili hapakuwa na mtu." Halafu yule wa kushoto akafa, na yule wa kulia akahojiwa redioni, mzee mzima, akasema alikuwa akingoja mwenzake ndiye aanze kupiga simu. Baba yenu aliizima redio, akatoka nje kusimama kwenye mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wapo watu hufa ukuta bado haujajengwa.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu, na sitaki kikao juu yake. Spika hazigawanyiki. Zote mbili ni za Russell.

Sema, Janine, niliona umelimeza.

Unasema, "Kwa hiyo yeye ndiye kashinda." Hapana, mwanangu. Yeye ana chumba cha chini chenye sakafu ya mawe, wewe unakaa ghorofani na jirani yako hugonga dari ukikohoa. Yeye yuko hatua chache kutoka klabu. Yeye anajua kushika chuma cha kulehemu, na wewe hata balbu ikiungua humwita mume wa mwenzio. Sikukunyima kwa kukupenda kidogo. Kama ningetaka kumpendelea mtu, ningempendelea yule anayenisumbua kidogo, na ninyi wote wawili mngekosa. Ninakupokonya unachokipenda kuliko vyote, mbele ya macho yako, nikiwa hai, ili ukitaka kumkasirikia mtu unikasirikie mimi, na mimi hasira yako sitaishi nayo muda mrefu. Russell hana kosa hapa. Hakuomba.

Jumamosi hii ni ule mkutano wa Oktoba pale klabu. Norris ameniambia watakuwa wachache, wengine wamelazwa, wengine wameshatangulia, lakini watakuja. Najua spika yako umeileta, Janine. Iko nyuma ndani ya gari, umeifunika, na ufunguo umeufumbata tangu ulipoingia kama mtoto aliyeshika peremende. Sitakunyang'anya. Siwezi hata kuinua kikombe. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba, mnanijua.

Nikifa kabla ya Jumamosi, mkutano uendelee. Maiti haina haraka, na wale wazee wanayo.

Nipe maji, Russell. Kidogo. Basi.

Janine, unakwenda wapi... Haya.

Huo ni mlango wa mbele. Usikae hapo kama gogo, Russell, mfuate. Usimwombe radhi sasa, usimweleze, usifanye mzaha wako. Shika upande wa chini, ndio mzito, mwache yeye aongoze. Mtu mmoja haiwezi ile. Baba yenu na Norris waliiweza kwa kutukanana njia nzima.

Nimechoka. Leteni tu hapa ndani, nione.

Polepole hapo kizingitini. Inueni, msiburute. Mnakwaruza ukuta, kwaruzeni, nyumba inauzwa. Kushoto, Russell, kushoto kwake si kushoto kwako... ndiyo hivyo. Iwekeni.

Sogeeni niwaguse vichwa, mkono wangu haufiki mbali. Mungu awape magoti yasiyouma mapema. Awape watu wa kuwatania mpaka uzeeni. Mmoja akinyamaza, Mungu ampe mwenzake moyo wa kwenda kumfungua na kumtengeneza, asingoje simu. Nimewasamehe yote, hata yale ambayo hamjaniambia. Mbaki salama, wanangu. Janine wangu. Russell wangu.

Nesi akija mwambieni angoje.

Mnasemaje huko? Eti iwekwe karibu na dirisha... eti hapana, unyevu... Hapana, msininyamazie. Nimefumba macho tu. Bishaneni. Bishaneni hivyo hivyo, taratibu... nawasikia.