Mama Marashi na Wateja wa Kesho

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Marashi hata mkasahau jina lake, alizaliwa tarehe 2 Februari 1952, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yake fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na bibi yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alijua gundi na ngozi kabla hajajua maziwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafaulu, lakini nafasi ya sekondari ikaenda kwa kaka yake, naye mwaka 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha sabuni kufunga maboksi, ambako msimamizi alimwona akisimama mlangoni na kutaja, kwa harufu tu, pipa lililoungua, ndipo akamhamishia chumba cha kuchanganyia manukato.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na seremala, wakajaliwa watoto wanne, pamoja na ubishi mmoja uliowatangulia watoto wote kuzaliwa, kwani mume alishikilia kwamba meza ni sanaa na marashi ni raha tu, sanaa gani inakwisha kabla jua halijazama, na mke akamjibu kwamba hata wimbo unakwisha, wala hakuna anayemtuma mwimbaji akachonge viti.

Mwaka 1984 aliacha kiwanda, akafungua duka sebuleni, lenye meza iliyotengenezwa na mpinzani wake, na sharti moja, kwamba hakuuza siku ya kwanza, bali alikufunga kitambaa chenye marashi mkononi, akakwambia nenda kapike, kafue, kagombane na mumeo, halafu urudi kesho, maana harufu ya asubuhi ni mgeni, ya jioni ndiyo mwenyeji. Wateja walinung'unika, wakarudi. Miaka ilipopita, binti yake mkubwa, sasa mwenye watoto watatu na usingizi haba, hakuwa upande wa yeyote, alisema hiyo sanaa na hiyo raha zote hazijawahi kumwoshea vyombo, ingawa hakutoka pale hata mara moja bila kunusa mkono wake njiani.

Mwezi Juni 2021 mafua makali yalimwondolea uwezo wa kunusa, akaficha, akaendelea kuchanganya kwa mazoea, hadi alipompelekea bibi harusi chupa iliyojaa karafuu, na bwana harusi akauliza kama mke wake anaumwa jino. Mama alicheka kuliko wote, kisha akafunga mlango wa duka na kugeukia ukuta, mpaka binti mkubwa alipokuja, akavuta stuli, akasema basi nipe nikunusie, watoto wako shule.

Mwaka jana moyo wake ulipoanza kudhoofika, alitaka mchanganyiko mmoja wa mwisho, harufu ya karakana ya mumewe, ambayo mzee aliifunga pale macho yake yalipofifia, na hofu ya mama ilikuwa kuondoka kabla mchanganyiko haujakamilika, kwa kuwa yeye alikuwa hanusi, na binti hakuwa na maneno ya kueleza harufu.

"Inanukaje?"

"Kama benchi."

"La karakana, au la hospitali?"

"La hospitali."

"Mwaga, mwanangu, tuanze upya."

Tarehe 9 mwezi huu binti alinusa, akatoka kwenda kuangalia nani anapiga randa uani, na hakukuwa na mtu. Mama akamfunga mumewe kitambaa mkononi, akamwambia kama mteja yeyote, arudi kesho na jibu. Asubuhi ya tarehe 10 moyo wa mama ulisimama.

Mzee ameagiza jibu lake lisomwe hapa, kwa kuwa aliambiwa kesho, na kesho ilipofika mwenye duka alikuwa ameshatoka. Anasema marashi ni raha, hajabadili neno, ila jioni ile alikaa na mkono puani akayaona maranda yakianguka, kwa hiyo anaomba kuanzia leo meza zake zote nazo ziitwe raha.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, na majirani, hasa wale ambao nguo zao zilianikwa chini ya dirisha lake zikanuka mdalasini bila kuombwa ruhusa.

Pumzika kwa amani, Mama Marashi. Duka litafunguliwa Jumatatu, binti yako ataketi kwenye stuli, na mteja ataambiwa arudi kesho.