Dkt. Poongodi Sundaresan na Bakteria Aliowabadilishia Mlango

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni waalikwa na watumishi wenzangu wa Taasisi ya Makapi ya Miwa, Erode,

Kwa heshima na taadhima, mimi V. Chinnadurai, karani mkuu wa ghala, naandika kwa makusudi mawili. La kwanza ni kumuaga Dkt. Poongodi Sundaresan, anayestaafu tarehe 31 Mei baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. La pili ni kuomba uamuzi juu ya bakteria wake, ambao kwa kanuni iliyopo watachemshwa kwa mvuke na kumwagwa siku atakayokabidhi funguo, kwa kuwa hakuna aliyeteuliwa kuwatunza.

Dkt. Poongodi aliajiriwa wakati makapi ya miwa yalipokuwa kuni tu. Ndani yake mna sukari za aina mbili, na bakteria wa kawaida hudeka: huimaliza ile tamu wanayoipenda, na muda wote huo ya pili huifungia mlango. Mstaafu wetu aliung'oa mlango huo wa upendeleo katika maumbile yao, akawawekea mwingine, ili sukari zote ziingie kwa pamoja.

Mwanzoni walidhoofika mno. Wakubwa wa wakati huo wakamshauri awatupe. Yeye kila asubuhi akawachagua waliojikongoja kukua, akawahamishia chakula kipya, hadi ikafika sikukuu ya Ayudha Puja.

Siku hiyo, kama ilivyo desturi yetu, zana zote zilipakwa rojo la sandali linalonukia, zikavishwa mashada na kupumzishwa. Bwana Kathiresan, fundi wetu wa mitambo, akaizima hata mashine inayotikisa chupa za bakteria, nao wasipotikiswa hukosa hewa.

"Kaka, washa mashine yangu!" Dkt. Poongodi alimwambia.

"Dada, leo siigusi. Nayo ina siku yake."

"Mashine ina siku yake, sawa. Hawa waliomo ndani nani kawapa likizo?"

"Waambie waandike barua, nitaipeleka kwa Chinnadurai!"

Dkt. Poongodi hakuivunja heshima ya siku. Alizitoa chupa, akaketi barazani penye joto, akaanza kuzitikisa kwa mkono. Mikono ilipochoka tulimpokea kwa zamu, huku tukitafuna bisi za mchele na dengu. Bwana Kathiresan alitazama weee, mwisho akaja na kibakuli cha sandali.

"Lete mikono hiyo, dada. Nayo ni zana, na wewe huipumzishi!"

Akampaka viganjani, kisha akaketi, akapokea chupa. Tangu mwaka ule, kila Ayudha Puja maabara yake hutikisa kwa mkono, na mgeni asiyetikisa hapewi dengu.

Bakteria walivuka siku hiyo, wakaendelea kupata nguvu. Leo huzila sukari zote mbili kwa mara moja na kutoa asidi ya kutengenezea plastiki inayooza, na kiwanda cha jirani hakichomi tena makapi yote. Waliomshauri awatupe walikuja kuomba mbegu ya bakteria hao, naye aliwapa, akawaandalia na kahawa.

Dkt. Poongodi, tunakushukuru kwa subira yako, kwa ukali wako juu ya chupa chafu, na kwa vicheko. Uende kwa amani, ulale hadi jua lichomoze, na afya ikusindikize.

Mheshimiwa Mkurugenzi, yeye mwenyewe hajaomba lolote. Juzi nilimkuta mbele ya friza akipangusa barafu kwenye vichupa ambavyo havitakuwa vyake tena. Nilipomuuliza, alijibu tu, "Wasiende wachafu."

Dkt. Ezhilarasi, aliyefunzwa naye, yuko tayari kuwapokea, na nafasi ndani ya friza ipo. Kinachokosekana ni idhini yako. Kwa unyenyekevu tunaomba uamue, kabla ya funguo kukabidhiwa: bakteria hawa watunzwe, au wamwagwe?