Karatasi ya Mama Perez

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Perez Akeyo wa Kombewa, muuza mitumba wa soko la Kibuye. Mama Perez alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kesho tunamzika. Wengi wenu mnamjua kama yule mama aliyewatia adabu wauza tiketi za ndege wa Kisumu. Mimi namjua kwa jambo jingine, na nitalisema ingawa uso unaniwaka.

Twende nyuma hadi mwaka wa 1993, mwezi wa nane. Kampuni ndogo iliyojiita Owang' Air ilifungua ofisi hapa mjini. Ofa yao ilikuwa hivi: nunua tiketi ya kwenda Nairobi miezi mingi kabla ya safari, ulipe nusu ya nauli. Nusu ya nauli, wasikilizaji. Tangazo lao lilisomwa hapa saa saba na robo mchana, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Aliyesoma vifo, kisha akasoma ndege, kwa sauti ileile, ni mimi.

Mnajua tangazo la kifo lilivyo kwetu. Likianza, sufuria inaepuliwa na watoto wananyamazishwa. Hakuna anayeuliza kama ni kweli. Watu wanafunga mizigo tu. Sasa sauti hiyo ikisema kuna ndege, nani atabisha?

Mama Perez hakubisha. Binti yake wa pekee, Selpha, alikuwa akisomea uuguzi Nairobi. Angefuzu Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mwaka wa 1994. Na Mama Perez hakuweza kwenda kwa basi. Miaka mingi nyuma alianguka kutoka juu ya lori la marobota ya nguo, kiuno kikaharibika. Daktari alimkataza kukaa kwenye basi zaidi ya saa moja. Kwa hiyo alinunua tiketi ya ndege miezi tisa mapema.

Dorca, jirani yake pale sokoni, aliniambia juzi huku akicheka na kulia. "Hiyo tiketi ilikuwa inalala ndani ya Biblia. Hata kama umekuja kununua soksi peke yake, lazima uonyeshwe tiketi kwanza."

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Mwishoni mwa mwezi wa nne nilikutana na rafiki yangu Walubengo, mbeba mizigo wa uwanja wa ndege. Akaniambia, "Dalmas, hiyo ndege yenu hatujaiona wiki tatu. Na ofisi bado inauza tiketi." Nilimpelekea mkubwa wangu habari hiyo. Akasema, "Sisi si wenye ndege. Soma."

Nikasoma. Nikasoma siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata. Sina la kujitetea. Kibarua nilikipenda kuliko watu walioniamini.

Ijumaa ikafika. Mama Perez alikwenda uwanjani asubuhi na mapema, amevaa viatu vya Dorca, amebeba samaki wa kukaanga wa Selpha. Hakuna ndege. Walubengo alimletea kiti. Alikaa hapo mpaka saa sita, samaki magotini.

Kuhusu siku hiyo ya kufuzu, Selpha anasema hivi: "Nilimzungusha mpiga picha mpaka akachoka. Akaniambia, sister, wenzako wote wameondoka. Nikapigwa picha peke yangu."

Jumatatu Mama Perez alikuja hapa studio, akitembea kwa kushika ukuta. Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "wewe haujawahi danganya juu ya mtu amekufa. Hata siku moja. Ndio maana niliamini."

Akashika ukingo wa meza yangu.

"Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama, sikujua."

Aliniangalia kidogo tu. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Basi soma hii, baada ya vifo. Watu bado wananunua. Hiyo ndege imekufa. Maiti itakaa bila kutangazwa?"

Nilimwahidi nitaisoma. Alipotoka, niliiweka kwenye droo. Sikumwonyesha hata mkubwa wangu. Mchana ule nilisoma vifo, kisha nikasoma tangazo la Owang' Air.

Alipoona kimya, Mama Perez alimwachia Dorca kibanda, akachukua kigoda chake, akaketi mlangoni pa ofisi ile. Siku kumi na moja. Kila aliyekuja alimwambia, "Usinunue. Mimi nilikuwa naenda kwa mtoto wangu. Si unaona mahali niko." Siku ya kumi na mbili ofisi haikufunguliwa. Pesa za watu zikaenda na maji.

Lakini yeye hakuishia hapo. Alimwendea Bwana Kulwant, aliyekuwa akiuza tiketi za kampuni nyingine. Kulwant anakumbuka: "Aliniambia, kwetu Kibuye mtu akilipia nguo mapema, tunafunga pesa na nguo fundo moja. Nguo ikipotea, pesa iko. Wewe unafunga ya watu wapi? Nikaona haya. Pesa nilikuwa naituma kwa kampuni siku hiyohiyo."

Tangu hapo, kwa Kulwant, nauli ilikaa kwenye bahasha yenye jina la abiria mpaka abiria apande ndege. Wenzake wawili wakalazimika kumfuata, maana wateja walikuwa wakiingia na kuuliza, "Hapa mnafunga fundo la Mama Perez?" Mwaka wa 1996 kampuni nyingine ndogo ilipoacha kuruka, abiria thelathini na mmoja walirudishiwa pesa zao asubuhi moja. Thelathini na mmoja. Mama mmoja wa mitumba alifanya hivyo, bila kipaza sauti.

Juzi Selpha aliniletea tangazo la kifo cha mama yake. Nikaanza kumpa pole. Akanikatiza kwa upole. "Mama alijua kwamba ulijua. Walubengo alimwambia siku ile uwanjani. Alikuuliza ili akupe nafasi. Na alisema akifa, wewe ndiye usome. Lakini uanze na ile karatasi."

Bado ilikuwa kwenye droo.

Kwako Selpha, Dorca, na ukoo wote wa Kombewa, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna neno unalijua na kuna mtu anaumia kwa kutolijua, usingoje matanga kama mimi.

Tuliza watoto. Nasoma.

"Watu wa Kisumu, Seme, Siaya na Bondo wanajulishwa kifo cha Owang' Air, kilichotokea mwezi wa nne, 1994, baada ya kuugua kwa siri. Ameacha watu wengi na tiketi zao. Mtu asinunue tena. Mwenye habari amwambie jirani." Tangazo hili limeletwa na Mama Perez Akeyo wa Kombewa. Limecheleweshwa miaka minne na mimi, Dalmas Ouma.