Vanga Hakuna Jino Bovu

Husna alijifanya anasinzia kiti cha nyuma cha basi ili asikie vizuri. Mbele yake Mzee Boga, mvuvi wa Vanga mwenye shavu lililovimba, alikuwa akimweleza Beryl, muuguzi aliyepandia njiani, kwamba daktari wa meno aliwahi kuwafikia mara moja tu, tena mchana wa Ramadhani.

“Nani ang'olewe jino na saumu yake, damu imejaa kinywani? Alikaa peke yake hadi alasiri.”

“Si mngemwambia tu arudi baada ya Idi, mzee?”

“Mgeni haambiwi amekosea siku, mwanangu. Tulimfungia samaki, tukamshukuru.”

Samaki huyo alikaangwa na Husna. Akauma ukingo wa mtandio asicheke.

“Basi ndiyo sababu,” Beryl alisema. “Ripoti yake niliisoma. Aliandika kuwa Vanga nzima hakuna jino bovu, na gari la matibabu likapangiwa kwingine. Lazima irekebishwe ndiyo arudi.”

Utingo aligonga bati, basi likasimama Msambweni, penye hospitali. Boga aliinuka akishika shavu, akafika mlangoni, akageuka.

“Daktari mleteni, inshallah. Lakini hayo maandishi, mwanangu, msiyafute kabla watani wetu wa Shimoni hawajayasikia.”