Moyo wa Panya Mzee

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, bibi mmoja alikuwa akimmwagia jirani wa kiti asiyemjua yaliyomjaa moyoni. "Binti yetu karudi jana, miaka tisa bila salamu. Mimi nalia kama mtoto, mzee wangu kauliza tu, 'Umekula?'"

"Bibi, mimi natunza panya wa maabara," akasema jirani. "Tukiwadunga dawa ya kuamsha moyo, moyo wa panya kijana unakwenda mbio. Wa mzee unaongeza kidogo tu, maana vipokezi vinavyoipokea dawa moyoni vimepungua. Lakini dawa imefika."

"Kwa hiyo nimsamehe kwa ajili ya panya?"

Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nilishahamia upande wa panya.

Basi likasimama. Bibi akainuka polepole. "Halafu, mwanangu," akasema, "mzee alimpa binti sahani yake mwenyewe ya chakula."