Dada Orpah na Maandishi ya Chini ya Picha

Dada yetu Orpah Nyanchoka Angwenyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nyamarambe, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Anyona na mkewe. Mimi Ochoki, ninayesoma, ndimi niliyemfuata. Alipenda kusema alinibeba mgongoni mpaka nikaota ndevu.

Alianza masomo mwaka 1978 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1989. Alisomea kazi ya maktaba Nairobi, na mwaka 1994 akaajiriwa katika maktaba moja mjini Kisii. Tarehe 17 Desemba 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu Samwel Angwenyi wa hapa Nyansiongo.

Alipewa idara ya nyaraka, chumba ambacho wengine waliita stoo. Alitoa pini zenye kutu kwenye mafaili, akaanika kivulini karatasi zilizonyeshewa, na ole wako uingie na kikombe cha chai. Siku za soko alipeleka mashine yake Keroka kunakili picha za zamani. Akina mama walificha picha kwenye leso wakidhani wataporwa. Aliwaambia, "Mama, picha yako utarudi nayo. Mimi nachukua kivuli chake tu." Mmoja akamjibu kwamba hicho kivuli ndicho anachokiogopa zaidi. Orpah alicheka, kisha akamngoja wiki tatu mpaka akakubali.

Agosti 2018 idara yake ilifanya maonyesho hapa Nyansiongo, ya picha za miaka wazungu walipoondoka na watu wetu wakagawiwa mashamba. Picha moja ilikuwa ya kijana aliyeshika ndama. Chini yake paliandikwa: "Marehemu Obwocha wa kwa Makori." Mzee Obwocha alikuwa hai. Aliingia na mkongojo, mjukuu wake Mong'ina akamsomea. Mzee akasema, "Basi mmenizika. Nani alilia?"

Baada ya wiki tatu Mzee alifariki. Mnajua yaliyosemwa: kwamba Orpah alimtangulizia kifo kwa kalamu. Watu walikuja kuchukua nakala za picha zao. Mara mbili alikwenda kwa Makori kuomba radhi, mara mbili mlango ukafungwa. Tangu hapo, kabla ya kuuliza jina la mtu kwenye picha, aliuliza kwanza, "Yupo?" Jambo hilo lilimuumiza, tena sana.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na kansa ya koo. Aliposhindwa kumeza hata uji, bado alimtuma Ruth, binti yake, akaulize majina ya watu waliomo kwenye picha zilizobaki. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, mume wake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, watoto wawili, Ruth na Masese, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake wanne.

Mnaofuatilia kwenye programu, yanayofuata hamtayaona humo. Niliyaacha nilipopeleka karatasi kuchapwa, kwa sababu niliogopa.

Maandishi yale niliyaandika mimi. Orpah aliniomba nimsaidie. Alinitajia majina kwa simu, bila mimi kuziona picha, akasema, "Huyo ni Obwocha wa kwa Makori." Kwetu mtoto hurithi jina la aliyekufa, na mimi Obwocha pekee niliyewahi kusikia habari zake ni yule babu aliyemwachia jina, aliyezikwa zamani. Sikumuuliza ni Obwocha yupi. Neno "marehemu" nililiongeza mwenyewe, nikidhani ni heshima.

Mkubwa wake kazini alipouliza nani aliandika, Orpah alijibu, "Ni idara yangu." Nilipotaka kusema, aliniambia, "Wewe ni mwalimu, una watoto wa watu wanaokuamini. Nyamaza." Nikanyamaza miaka sita. Naona aibu kusimama hapa.

Mong'ina, nimekuona umekaa pale nyuma na watu wa kwenu, na asanteni kwa kuja. Jumapili nitakuja kwenu. Mkinifungia mlango, mtakuwa mmemfungia mwenye kosa mwenyewe. Dada yangu hakuandika hata herufi moja ya neno lile. Mwacheni alale.